Anayepeta Chini ya Kilima

Wewe unayesoma hapo, hebu nijibu: umewahi kuchota maji kwenye mtungi wako mwenyewe ukakuta makapi ya mtama yanaelea juu, mwezi ambao mtama wa kijiji kizima bado uko kijani shambani? Hujawahi. Basi usiniambie majini ni hadithi za kuwatishia watoto. Ngoja nimalize kwanza.

Nyumba ya Marsiana ilikuwa chini ya kilima, upande wa Kanazi, karibu na chemchemi kiasi kwamba ukikaa barazani unayasikia maji yakitoka jiweni. Nyumba nzuri. Ilikuwa na mabati mapya wakati majirani bado wanavujiwa chini ya nyasi. Ilikuwa masika ya mwaka tisini na saba, ya kwanza tangu Wanyarwanda warudishwe kwao. Asubuhi moja Marsiana alichovya kata mtungini ili ampe maji binti yake Irine, na kata ikatoka na makapi. Yalikuwa mekundu, mepesi, makavu kwa juu kana kwamba yametoka ungoni dakika ile.

Mwanamke mwingine angemwaga maji, akawatukana watoto wa jirani, yakaisha. Marsiana alifunga mdomo kwa ncha ya kitenge ili asipige kelele za furaha.

"Amerudi," alimnong'oneza mtoto. "Mama yako wa pili amerudi."

Ili uielewe furaha hiyo ni lazima ujue maji ya pale yanavyotembea. Kilima kile ni cha mawe ya chokaa, na mawe ya chokaa hayajui kushika maji. Juu kuna kijito kinachoshuka vizuri tu, mchana kweupe, halafu kinafika kwenye shimo liitwalo Rumira, yaani mmezaji, na hapo kinaishia. Kinamezwa. Ng'ombe wananywa upande huu wa shimo, na upande wa pili mtu analima karanga kwenye vumbi. Maji yanaingia ndani ya kilima, yanapita gizani, yanapita chini ya pango ambalo mdomo wake uko ubavuni mwa kilima, kisha yanatokeza huku chini kwenye chemchemi, baridi, kana kwamba hayajawahi kuliona jua. Wageni huona mito miwili, mmoja wa juu na mmoja wa chini. Wenyeji walijua siku zote kuwa ni mmoja.

Wanawake walijua zaidi. Tangu enzi za bibi zao, siku ya kwanza ya kupeta mtama mpya, wanawake wa juu walimwaga makapi Rumira. Wa chini wakiona makapi yanatoka chemchemini hupiga vigelegele na kuosha vibuyu, maana pombe ya wakwe iko njiani. Hiyo ndiyo ilikuwa simu yao.

Hata mradi wa maji ya kambi ya wakimbizi ulikuja kuyajua hayo. Msimamizi wake alikuwa bwana mmoja aitwaye Wiston, msomi, buti safi hata kwenye tope. Alimwaga rangi ya kijani Rumira, na chemchemi ikatoka kijani kama maji ya kisamvu. Wanawake walitupa ndoo wakakimbia wakilia jini, jini! Wiston alicheka hadi akakaa chini.

"It's just a tracer, mama zangu. Nataka tu kujua maji yanakokwenda."

Akajua. Naomba ukumbuke hilo, kwa sababu tutalirudia.

Sasa, Nyirabahizi. Alivuka mpaka wa Rusumo kutoka Rwanda mwaka wa tisini na nne katika ile bahari ya watu, na njiani akamzika kichanga chake kando ya barabara. Alipotokea kwa Marsiana kubadilisha maharage ya msaada kwa ndizi, alimkuta mwenzake kitandani, homa imemkausha maziwa, na mtoto mchanga analia kwa sauti iliyokwisha nguvu. Hakuuliza. Alikaa kwenye mkeka, akafungua kifua, akasema, "Mlete." Irine alikulia kwenye maziwa hayo.

Desemba ya tisini na sita likatoka tangazo: Wanyarwanda wote warudi kwao kabla mwezi haujaisha. Nyirabahizi alikuja na kitenge alichovaa tu.

"Kwetu hakuna wa kunipokea, dada. Walio pale nyumbani kwangu ndio walionitoa."

Marsiana na mumewe, Pancras, wakamficha pangoni. Wakati ule pango lilikalika. Mradi ulikuwa umejenga tuta la udongo juu kidogo ya Rumira ili kijito kijae kiwe bwawa, maboza ya kambi yachote. Kwa hiyo shimo lilikuwa halimezi kitu, na chini ya pango palipita uzi tu wa maji. Walimpa ungo na kapu la mtama usiopetwa. Makubaliano yakawa haya: akiishiwa chakula, apete, atupe makapi kwenye ule uzi wa maji. Marsiana atayaona chemchemini, atapanda na kapu kama anayekwenda kuokota kuni.

Pancras ndiye aliyekuwa mlinzi wa tuta. Siku ile aliweka kiganja juu ya kichwa cha Irine, akaapa kwa hiari yake, hakuna aliyemlazimisha: "Nikikutupa, mama, maji yamkatae huyu mtoto."

Halafu jioni moja, siku mradi ulipokuwa unafunga virago, alirudi na tope hadi magotini.

"Nimemhamisha," alisema bila kuketi. "Yuko Kaniha, Biharamulo, kwa watu wema. Usipande tena pangoni, askari wanapita."

Siku chache baadaye mabati ya kibanda cha mradi yakapanda juu ya nyumba yao. Zawadi ya mlinzi, alisema. Marsiana alishukuru. Mume akikwambia neno, utampima kwa mizani gani?

Ndiyo maana asubuhi ile ya makapi hakuogopa. Alisonga ugali wa muhogo, akaufunga na maharage kwenye jani la mgomba, akabeba kapu, akapanda kilima akiimba chini chini wimbo ambao mwenzake aliuimba akimnyonyesha Irine.

Pango lilikuwa limejaa maji.

Yalikuwa meusi, yamefika hadi mdomoni, yametulia kama jicho la mtu anayekutazama na hataki kusema. Marsiana alisimama. Harufu ndiyo iliyomfikia kwanza, harufu tamu ya mtama uliopetwa sasa hivi, na nyuma yake nyingine, ya maziwa ya mama yaliyochacha kwenye nguo.

"Nyirabahizi? Ni mimi. Ndi hano, niko hapa."

Kisha kutoka chini, si ndani ya pango bali chini ya maji yenyewe, sauti ambayo kila mwanamke wa kule anaijua hata akiwa usingizini: pe, pe, pe, ungo unarushwa na kudakwa, pe, pe, pe, bila haraka, na kadiri alivyosikiliza ndivyo sauti ilivyokaribia, na maji yakaanza kukunjamana, na kutoka kwenye giza la ndani, juu ya uso wa maji, bila mkono wa kuusukuma, ungo ukaja ukizunguka polepole hadi ukagusa jiwe mbele ya vidole vya miguu yake, mkavu, na katikati yake chungu ndogo ya mtama safi, umepetwa vizuri, hauna hata kapi moja.

Jani la mgomba lilimponyoka. Hakumbuki alishukaje.

"Umeona takataka za mvua," Pancras alimwambia. Alikuwa ananoa panga, na hakuliinua jicho. "Mtu yuko Kaniha nimekwambia."

"Ule ungo niliusuka mimi, Pancras. Naujua mkono wangu."

"Basi aliusahau. Watu hawasahau vitu?"

"Na makapi ameyasahau wapi? Humu mtungini?"

Mvua ikaanza. Ilipiga juu ya mabati mapya, na Marsiana akamwona mumewe ameacha kunoa, ameinua uso, midomo imeachana, kwa sababu mvua ile haikuwa inapiga kama mvua ya watu wengine. Ilikuwa inapeta. Pe, pe, pe, juu ya vichwa vyao.

Tangu jioni hiyo Irine aliyakataa maji. Au tuseme kweli, maji yalimkataa yeye. Mtoto alifungua mdomo, akataka, akalia kwa kiu, na aliponyweshwa, maji yalifika mdomoni yakateleza kama juu ya jani la gimbi, yakashuka kidevuni, na ulimi ukabaki mkavu. Uji vivyo hivyo, chai vivyo hivyo. Kwenye zahanati muuguzi alimtundikia dripu, na dripu ikatoka pembeni ya sindano, ikalowesha shuka. Midomo ilipasuka. Macho yaliingia ndani. Katekista alikuja, akasali, akawakataza waganga, na alipomnyunyizia mtoto maji ya baraka, matone yakaruka kando. Akachukua baiskeli yake akaondoka bila kuaga.

Hapo ndipo mtoto aliposema. Alikuwa na miaka miwili na kitu, maneno yake yote yangejaa kiganja. Alikuwa amelala mapajani mwa mama yake, akafumbua macho, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu mzima, ya chini, yenye lafudhi ya ng'ambo ya mto.

"Ndashonje."

Nina njaa. Pancras alikuwa mlangoni. Alitoka nje akatapika.

Kesho yake Marsiana alimwacha mtoto kwa jirani yake Felisita, akadandia lori la mahindi hadi Kaniha. Alikuwa na nia mbili. Kule kuna bibi mmoja, Nshoma, ambaye hutoa majini na hapendi kujisifu. Na kule, kama mumewe alisema kweli, yuko Nyirabahizi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, unaonekana umebeba mtu."

Alisimulia yote. Bibi Nshoma alikuwa anamenya muhogo, na kisu hakikusimama hata mara moja, hadi Marsiana aliposema, "Na huyo mwenzangu, bibi, nilitaka nimwone kwanza. Mume wangu alimleta huku Desemba."

Kisu kikasimama.

"Huku Kaniha?"

"Ndiyo."

"Mwanangu, Desemba ile mbwa mgeni tu angeingia hapa sisi sote tungejua. Hakuna Mnyarwanda aliyeletwa. Twende kwako. Na mumeo asiambiwe nakuja."

Walifika mchana, mvua ikiwa imekatika kidogo. Bibi Nshoma hakuwasha ubani wala hakudai kuku mweusi. Aliomba mtungi uwekwe katikati ya uwanja, mtoto alazwe pembeni yake, na majirani waitwe. Pancras alipomwona alitaka kupitia nyuma ya nyumba, na Felisita, ambaye kwa maneno hana mpinzani Kanazi nzima, akamzuia.

"Unakwenda wapi, baba Irine? Mgeni ni wenu."

Bibi Nshoma akainama. "Wewe uliyemo humu, ni nani?"

Mdomo mkavu ulifunguka. "Mgeni wao."

"Unataka kafara gani?"

"Sitaki kitu cha kuchinja. Siku ile ya mwisho nilitupa makapi. Nikatupa, nikatupa. Mbona hamkuja?"

Marsiana alipiga magoti. "Sikujua, dada! Niliambiwa umehama!"

"Aliyekwambia yuko hapa. Aseme."

Bibi Nshoma alinyoosha mgongo. "Mimi hufukuza wageni ambao hawakualikwa," aliwaambia watu. "Huyu alialikwa. Siwezi kumfukuza mtu nyumba aliyopewa. Pancras, mtoto huyu haioni kesho. Utasema, au utachimba kaburi?"

Kutoka ndani ya mtungi ikaanza tena, pe, pe, pe, na safari hii kila mtu aliisikia, Felisita akashika rozari yake, na makapi yakaanza kupanda juu ya maji, mekundu, yakajaa shingo ya mtungi, yakafurika, yakamwagika ardhini yakitambaa kuelekea miguu ya Pancras, naye akarudi nyuma hadi mgongo ukagonga ukuta chini ya yale mabati, na hapo pa kurudi pakawa hapana.

"Nililivunja tuta," alisema.

"Sema kwa sauti," alisema Marsiana.

"Nililivunja mimi! Mradi ulikuwa unafungwa. Wiston alisema site lazima irudi as it was, bwawa liondoke, ndipo wakubwa wapokee. Nikamwambia, bosi, pangoni kuna mtu. Nilimwambia, nyie! Akaniuliza, mtu gani? Wakimbizi wote wameshaondoka, ripoti imeshakwenda. Unataka kuniambia ripoti ni ya uongo? Akasema nikivunja, mabati ya kibanda ni yangu. Nikikataa, atanishtaki kwa kuficha mtu."

"Na wewe ukashindwa kupanda kwanza kumtoa?" Marsiana aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Toka tuta mpaka pangoni, Pancras, mtu anafika hata sigara haijaisha."

"Gari lilikuwa linanguruma. Alikuwa anaangalia saa. Nilijiambia maji yatapanda taratibu. Nilijiambia atayasikia, atatoka."

Mtoto aligeuza kichwa akamtazama. "Nilisikia kishindo kule ndani," ilisema ile sauti, bila hasira, na hilo ndilo lililowafanya wanaume wazima watazame chini. "Nikajua ni nyie mmeleta chakula. Nikashuka ndani kupokea."

Pancras alianguka kifudifudi kwenye makapi. Aliomba radhi kwa Kihangaza, kwa Kiswahili, kwa kila lugha aliyokuwa nayo. Bibi Nshoma alisubiri hadi sauti yake ilipokauka, akachota kata moja, akayapuliza makapi pembeni, akaiweka mdomoni mwa Irine.

Maji yaliingia. Koo dogo likapanda, likashuka. Marsiana alilia kwa kishindo ambacho alikuwa amekizuia tangu pangoni, na mtoto akanywa, akanywa, akaomba tena kwa sauti yake mwenyewe ya kitoto: "Mama, maji."

Unadhani imeisha? Ingekuwa hadithi ya redioni ingeishia hapo.

"Nimemtoa kwa mtoto," Bibi Nshoma alisema akifunga kitenge chake. "Kilimani siwezi. Yule hataki dawa. Anataka tuta. Zibeni maji ya juu, pango likauke, mumtoe, mumzike kwa jina lake. Mkichelewa, atapeta."

Marsiana alikwenda kwa Faustini, mwenyekiti wa kijiji. Faustini alimsikiliza akichokonoa meno.

"Mama Irine, serikali ilitangaza wote wamerudi. Sasa nikienda kumfukua mtu aliyerudi kwao, nitakuwa nimemfukua nani?"

Pancras alipanda na jembe, peke yake, kisha na majirani wachache. Walichojenga asubuhi, kijito cha masika kilikimeza jioni. Udongo wa jembe si udongo wa greda. Aliyashusha mabati yote akayarundika uwanjani, na hakuna aliyeyagusa. Hata wezi waliyapita. Marsiana hakumfukuza. Alimpa jiko la nje alale humo, na hajamwita tena baba Irine.

Wiston je? Huyo alipata mradi mwingine, gari jipya, barabara ile ile ya kwenda kambi ya Lukole walikobaki Warundi. Marsiana alisimama katikati ya barabara hadi gari likasimama. Kioo kikashuka kidogo.

"Mama, hiyo project ilishafungwa."

"Pango halijafungwa, baba."

Kioo kikapanda.

Sasa sikia hali ilivyo. Kila masika makapi hutoka chemchemini. Yanaingia kwenye mitungi ya walioapa na ya wasioapa, kwenye uji wa shule, kwenye ndoo ya katekista. Na wakati wa mavuno, wanawake wa chini wakiyaona hawapigi tena vigelegele, kwa sababu hakuna anayejua kama wa juu wamevuna au wa katikati ana njaa. Marsiana hupanda na chakula. Akirudi kesho yake hulikuta jani la mgomba limekunjwa vizuri juu ya jiwe, safi, limeoshwa.

Kwa hiyo nasema na nyie wenye ofisi, na wewe Wiston zaidi ya wote. Msituletee semina ya usalama wa maji. Msituambie ni imani za wanakijiji. Hakuna kati yenu anayeweza kusimama akasema hakujua maji ya Rumira yanapita wapi, maana mlimwaga rangi kwa mikono yenu, mkaiona ikitoka kijani mlangoni kwa Marsiana, mkacheka. Leteni greda. Lirudisheni tuta, likausheni pango, muingie na taa zenu kubwa hadi mahali aliposhuka kupokea chakula. Bado anapeta. Njooni mmtoe.